Mzazi, usimharakishe mwanao anayerusha ndege kwenye theluji

Simu ya video inaonyesha kijana amevaa koti zito na kofia iliyofunika masikio. Nyuma yake kuna ndege ndogo ya injini moja imeegeshwa kwenye uwanja mweupe pe. Huku nyumbani watu wanashangilia. Bibi anauliza kama ile nyeupe ni pamba. Baba anauliza swali la akina baba wengi wenye watoto wanaosomea urubani ng'ambo: umebakiza saa ngapi?

Ni swali la haki. Canada, kwa mfano, kijana hapati leseni ya rubani wa biashara mpaka atimize saa 200 za kuruka, na kila saa inalipiwa. Aliyeuza kiwanja ili kupata ada hizo anazihesabu saa kama anavyohesabu mifuko ya saruji. Ikifika Desemba, saa zinaanza kusuasua. Jana theluji, leo mawingu ya chini, kesho mwalimu kasema hapana. Kodi ya chumba hailali, na mzazi aliyeko Dar es Salaam au Nakuru anaanza kujiuliza kama kijana kweli yuko shule.

Nawaandikia wazazi wa aina hiyo. Nataka tuone theluji na barafu zinaifanya nini ndege ndogo, na kisha tuone mzazi anahusika wapi. Anahusika zaidi ya anavyodhani, kwa sababu katika ajali kadhaa zilizochunguzwa na kuandikwa, mbali na hali ya hewa kulikuwa na haraka ya kufika mahali ambako watu walikuwa wanasubiri.

Msasa kwenye bawa

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalikosea. Tunadhani barafu huiangusha ndege kwa uzito. Uzito upo, lakini si tatizo kubwa. Bawa la ndege limechongwa ili hewa ipite juu yake kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaoinyanyua ndege. Ukiligeuza bawa kuwa la kukwaruza, hewa inavurugika na mnyanyuko unapotea.

Haihitajiki barafu nyingi. Takwimu inayorudiwa sana katika mafunzo ya marubani ni kwamba ukwaruzaji usiozidi ule wa karatasi ya msasa unaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Umande ulioganda usiku kwenye ndege iliyolala nje unatosha kufanya hivyo. Ukiutazama kwa mbali unameta tu kama sukari.

Ndiyo maana sheria ya Canada inakataza ndege kupaa ikiwa ina theluji, barafu au umande ulioganda ulioshikamana na mabawa, mkia au propela. Msisitizo wa sheria hiyo uliongezwa na ajali ya Machi 10, 1989 katika mji wa Dryden, Ontario. Ndege ya abiria aina ya Fokker F28 ilikuwa ikisubiri kupaa huku theluji ikianguka na kulowanisha mabawa. Ilicheleweshwa zaidi na ndege ndogo, Cessna 150, iliyokuwa inahangaika kutua katika hali hiyohiyo ya hewa. Ilipopaa, haikufika mbali ikaanguka msituni. Watu 24 kati ya 69 walikufa.

Kuna jambo katika uchunguzi wa Dryden ambalo halinitoki kichwani. Kati ya abiria walikuwemo marubani wawili wa mashirika ya ndege waliokuwa safarini na familia zao. Waliiona theluji juu ya mabawa. Walinyamaza. Kila mmoja alidhani wenye ndege wanajua wanachofanya, au ndege itapelekwa kuoshwa kabla ya kupaa. Ikiwa watu wazima wenye ujuzi wote huo waliona taabu kusema, tusishangae kijana wa miaka 19 akisita kumwambia mwalimu wake, "Bawa la kushoto bado lina barafu."

Kwa hiyo asubuhi ya kijana wako huko huanza na ufagio laini na kitambaa, saa nzima au zaidi kabla ya kuruka. Anapitisha kiganja juu ya bawa kwa sababu barafu angavu haionekani, huguswa. Anachungulia mahali vipande vya mkia vinapokunjana, maana maji yakiingia humo na kuganda, usukani unakataa kugeuka angani. Anamwaga mafuta kidogo kutoka kwenye tangi aone kama yana maji. Injini nayo hupashwa joto kwanza, kwa sababu oili kwenye baridi kali huwa nzito kama asali.

Kumwagia bawa maji ya moto, jambo ambalo kila mtu wa kwetu angelifikiria, ni kosa. Maji hutiririka hadi kwenye maungio na kuganda humo. Hata kuitoa ndege kwenye banda lenye joto wakati theluji inaanguka kuna hatari yake: theluji inayeyuka juu ya bawa la moto, kisha bawa linapoa, na ule unyevu unageuka barafu iliyoshika kisawasawa. Wakati mwingine ndege iliyolala nje kwenye baridi kavu ni salama zaidi, kwa kuwa theluji kavu hupeperuka. Ila huwezi kujua kilichojificha chini yake mpaka uifagie.

Maji yanayosubiri kuguswa

Barafu ya angani ni habari nyingine. Pengine umewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza, ukaitoa ikiwa bado maji, ukaigonga kidogo na yote yakaganda mbele ya macho yako. Watoto huupenda mchezo huo. Mawingu ya baridi yamejaa matone ya namna hiyo: yapo chini ya nyuzi sifuri lakini bado ni maji. Ndege ikipita, matone yanagonga ukingo wa mbele wa bawa na kuganda palepale.

Hatari hii ni kubwa zaidi kati ya nyuzi 0 na nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ikizidi sana mawingu huwa na chembe za barafu tayari, na hizo hazishiki. Mvua inayoganda ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Matone yake ni makubwa, husambaa juu ya bawa kabla ya kuganda, na dakika chache zinatosha kuifanya ndege ndogo isiweze kubaki juu.

Ndege kubwa za abiria zina hewa ya moto inayopita ndani ya mabawa. Ndege nyingi ndogo za kufundishia, kama Cessna 172, hazina kitu cha namna hiyo na haziruhusiwi kuingia mahali panapojulikana kuwa na barafu. Kwa kawaida zina kipasha joto cha kile kibomba kinachopima mwendo, ili rubani asipoteze kipimo cha kasi, na basi. Zikianza kuvaa barafu, anachofundishwa kijana ni kutoka hapo mara moja: kurudi alikotoka, au kubadili kimo kwenda kwenye hewa isiyo na barafu. Asisubiri aone kama itaisha yenyewe. Akifika kutua, atue kwa kasi kubwa kidogo kuliko kawaida, kwa sababu hakuna anayejua bawa lenye barafu litakata mnyanyuko kwa kasi gani.

Nisije nikakutisha bure. Baridi yenyewe si adui wa ndege. Hewa baridi ni nzito, mabawa na injini huifurahia, na siku kavu ya Januari yenye anga la buluu ni siku nzuri sana ya kujifunza. Kinachotakiwa ni kuitofautisha siku hiyo na ile inayofanana nayo.

Usiku wa Clear Lake

Wapenzi wa muziki wa zamani wanalijua jina la Buddy Holly. Februari 2, 1959 yeye na wenzake walipiga muziki katika mji wa Clear Lake, jimbo la Iowa, Marekani. Walikuwa katikati ya ziara ya majira ya baridi wakisafiri kwa basi lenye hita mbovu. Mpiga ngoma wao alikuwa hospitalini, miguu imeathiriwa na baridi. Holly alichoka. Akakodi ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza iwawahishe kwenye kituo kinachofuata, ili walale kidogo na kufua nguo. Nauli ilikuwa dola 36 kwa kila mtu.

Rubani alikuwa na miaka 21. Alikuwa na leseni ya biashara, lakini hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa peke yake bila kuona nje, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameshindwa mtihani huo wa vitendo. Aliulizia hali ya hewa zaidi ya mara moja. Aliambiwa mambo yanayoridhisha. Tahadhari zilizokuwa zimetolewa kuhusu ukanda wa theluji na barafu katika njia yake hazikumfikia.

Walipaa muda mfupi kabla ya saa saba usiku, theluji nyepesi ikianguka. Si dhoruba. Theluji nyepesi tu, usiku, juu ya mashamba yasiyo na taa. Ndege iligonga ardhi kilomita chache kutoka uwanjani, kwa kasi kubwa, ikiwa imelala upande. Wote wanne walikufa: rubani, Holly mwenye miaka 22, J.P. Richardson mwenye 28, na Ritchie Valens aliyekuwa na miaka 17. Valens alikipata kiti chake kwa kurusha sarafu.

Wachunguzi hawakusema barafu ndiyo iliyoiangusha. Walisema rubani alianza safari ambayo ingemlazimu kutegemea vifaa wakati hakuwa na uwezo huo. Waliongeza kwamba kifaa cha kuonyesha kama pua ya ndege iko juu au chini kilionyesha kinyume na vile alivyozoea, na kwamba maelezo ya hali ya hewa aliyopewa yalikuwa na kasoro. Lakini mimi nikiisoma habari hiyo kama mzazi, namwona kijana wa miaka 21 na abiria maarufu waliochoka, walioganda kwa baridi, na tayari wako uwanjani na mizigo yao. Kumwambia mtu kama Buddy Holly saa sita usiku kwamba hatuendi, inahitaji moyo.

Mke wa Holly, aliyekuwa mjamzito, alipata taarifa kupitia televisheni.

Sekunde 178

Kwa nini theluji nyepesi imshinde mtu mwenye leseni? Kwa sababu sikio linadanganya. Tunajua tumesimama wima kwa kutumia macho na maji yaliyomo ndani ya sikio. Macho yakikosa upeo wa kuangalia, kama inavyotokea nje pakiwa peupe pote au peusi pote, yanabaki maji ya sikio, na hayo hayawezi kutambua mgeuko wa polepole. Ndege inaanza kuinama upande mmoja, rubani anahisi iko sawa. Anapoinyoosha anahisi imeinama, anairudisha ilikokuwa. Inazunguka ikishuka, naye anaamini anakwenda moja kwa moja.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa wakawafunika wasione nje ya ndege, wakiwa na mwalimu pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, yaani dakika tatu kasoro sekunde mbili. Ndege waliyoitumia ilikuwa Beechcraft Bonanza, jamii ya ile iliyoanguka Clear Lake miaka mitano baadaye.

Sehemu ya pili ya utafiti huo haisimuliwi sana, na ndiyo yenye faida kwetu. Watu haohao walifundishwa jambo moja dogo: namna ya kugeuza ndege taratibu kwa kuangalia vifaa na kurudi walikotoka. Baada ya mafunzo mafupi, karibu majaribio yote yalifanikiwa. Kugeuka na kurudi kunafundishika, kunahitaji mazoezi tu. Kwa hiyo mwanao akikwambia kwamba wiki nzima hakuruka ila alikuwa kwenye simuleta, hajapoteza wiki.

Barafu ya Wilson

Mzazi mwenye mtoto anayejifunzia hapa kwetu anaweza kudhani makala haya hayamhusu. Kweli, Afrika Mashariki kiwango cha baridi ya kugandisha angani kipo juu sana, kwa kawaida zaidi ya mita 4,500, mahali ambapo ndege za mafunzo hazifiki. Lakini iko barafu moja inayotokea bila theluji, na inayapenda mazingira kama ya Nairobi mwezi wa Julai: ubaridi wa wastani, manyunyu, hewa yenye unyevu.

Ni barafu ya ndani ya kabureta. Fundi wa pikipiki anakijua kifaa hicho. Hewa inapopenya kwenye shingo nyembamba ya kabureta na kukutana na petroli inayogeuka mvuke, inapoa ghafla, pengine kwa nyuzi 20 au zaidi. Unyevu unaganda hapohapo na kuanza kuziba njia ya hewa. Inaweza kutokea nje kukiwa na nyuzi 20 na kitu, na ndege ikipita chini ya jua.

Dalili yake ni mizunguko ya injini kupungua polepole bila sababu. Dawa yake ni kitasa kinachoingiza hewa ya moto. Hapo ndipo mwanafunzi anapotegwa. Akivuta kitasa, barafu inayeyuka na maji yanapita ndani ya injini, nayo inakohoa na kutetemeka kuliko mwanzo. Anashtuka, anakirudisha. Alitakiwa avumilie sekunde kadhaa. Ndege mpya zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja hazina kabureta, lakini za zamani bado zinaruka katika shule nyingi, Wilson na kwingineko. Muulize mwanao aliyeanza mafunzo juzi akueleze kitasa hicho. Kumfundisha mzazi ni njia nzuri ya kujua kama ameelewa.

Hita, na jiko la mkaa

Januari 21, 2019 mshambuliaji Emiliano Sala, aliyekuwa ametoka tu kusajiliwa na Cardiff City kutoka Nantes, alikufa pamoja na rubani wake ndege yao ndogo aina ya Piper Malibu ilipoanguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Mashabiki wa soka wa hapa waliifuatilia habari hiyo wiki nzima. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza haikusomwa sana. Ilisema rubani hakuwa na ruhusa ya kuruka usiku, wala ya kubeba abiria kwa malipo. Na katika damu ya Sala kulikutwa kiwango cha asilimia 58 cha kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani.

Ilitoka kwenye ekzosi ya injini. Katika ndege nyingi ndogo za injini moja, joto la ndani linapatikana kwa kupitisha hewa kando ya bomba la ekzosi. Bomba likiwa na ufa, hewa ya joto inakuja na gesi yake. Haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anafanya maamuzi ya ajabu. Baridi ndiyo inayomfanya rubani afungulie joto hadi mwisho na kufunga kila tundu la hewa.

Kitambuzi cha gesi hiyo kinachopiga kelele ni kidogo, kinaingia mfukoni, na bei yake haifiki hata ya saa moja ya kuruka. Kama unatafuta zawadi ya kumtumia rubani mwanafunzi, achana na miwani ya jua.

Anayesubiri

Sasa turudi kwetu wazazi. Aprili 1996, Marekani, mtoto wa kike wa miaka saba, Jessica Dubroff, alianza safari ya kuvuka nchi nzima kwenye ndege ndogo ya Cessna, akiwa na mwalimu wake na baba yake. Walitaka awe mtoto mdogo kuliko wote kufanya hivyo. Vyombo vya habari viliwangoja kila kituo. Asubuhi ya siku ya pili, Aprili 11, walipaa kutoka Cheyenne, Wyoming, uwanja ulio juu sana ya usawa wa bahari, ndege ikiwa imezidi uzito, mvua na radi zikiwa zimefika. Ilianguka muda mfupi baada ya kupaa. Wote watatu walikufa.

Wachunguzi walisema aliyekosea ni mwalimu, rubani mwenye uzoefu, kwa kuamua kupaa katika hali ile. Kisha wakaandika kilichochangia: kutaka kushikilia ratiba ngumu kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi kwa wanahabari. Haikuwa barafu. Lakini ni ajali ileile ya theluji, imevaa koti jingine. Baba yake, aliyempenda bila shaka, ndiye aliyekuwa kiti cha nyuma.

Hakuna anayesema mzazi anayeuliza "umebakiza saa ngapi" anamsukuma mtoto kwenye mawingu. Ila fikiria swali hilo linasikika vipi kwa kijana ambaye anajua kiwanja kimeuzwa, anajua wadogo zake wamehamishiwa shule ya bei nafuu, na asubuhi hiyo anatazama anga ambalo si baya sana, si zuri sana. Mwalimu hayupo, ni zamu yake ya kuruka peke yake. Akighairi, jioni atalazimika kueleza tena.

Mimi naona kuna swali bora: "Leo umeghairi kwa sababu gani?" Uliza kwa sauti ya kawaida, kama unayeuliza amekula nini. Akikujibu kwa ufasaha, kwamba kimo cha mawingu kilikuwa chini, kwamba rubani aliyetangulia aliripoti barafu, kwamba ndege ilikuwa na umande ulioganda na hakuna pa kuipashia joto, basi umepata taarifa njema kuliko ya saa mbili alizoruka. Mpongeze. Na baba asikike akipongeza, maana vijana wengi wanamsikiliza mama lakini wanamhofia baba.

Jambo la pili ni fedha, na hili linapangwa kabla ya kumkatia tiketi. Majira ya baridi mchana ni mfupi. Mji kama Winnipeg unapata saa nane hivi tu za mwanga mwezi Desemba. Bajeti inayodhani kijana ataruka kila wiki mwaka mzima itavunjika, na ikivunjika atajiona amewaangusha. Weka miezi ya ziada. Ulizia kabla kama shule inatoza safari iliyoghairiwa kwa sababu ya hali ya hewa. Inayotoza inampa mwanao sababu ya kupaa siku asiyopaswa kupaa, na mimi nisingempeleka huko. Uliza pia kama masomo ya darasani na simuleta yanaweza kusukumwa miezi ya theluji, kisha angani kukazaniwe kuanzia Aprili.

Sherehe nazo zina mchango wake. Kama anaweza kurusha ndege aje Krismasi kwa shangazi yake aliyeko mji mwingine, shangazi asimwambie chakula ni saa saba kamili na wageni wameshaalikwa. Amwambie kuna basi, na kuna kesho.

Nani atapiga simu

Kuna utaratibu wa Canada ambao familia inaweza kushiriki moja kwa moja. Rubani anayeruka kwenda mbali na uwanja wake lazima aache mpango wa safari. Anaweza kuuacha kwa mamlaka ya anga, au kuukabidhi kwa mtu mmoja anayewajibika, ambaye amekubali kutoa taarifa kwa waokoaji kama ndege haijafika kwa wakati. Mtu huyo anaweza kuwa rafiki anayeishi naye chumba kimoja, au shangazi yuleyule. Kwa mpango ulioachwa mamlakani, msako huanza saa moja baada ya muda wa kufika kupita bila taarifa. Unaokabidhiwa mtu hutegemea muda waliokubaliana, kwa hiyo wakubaliane muda mfupi.

Ndani ya ndege kuna kifaa kinachotuma ishara ya dharura ikianguka, na sheria inataka wawe na vifaa vya kujiokoa vinavyolingana na majira. Hata hivyo vijana hupenda kuruka na koti jepesi kwa kuwa ndani mna joto. Waalimu wa huko husema avae nguo za kutembea nazo nje, si za kukaa ndani. Ndege ikilazimika kutua shambani injini imezima, hita nayo imekwisha. Buti, glovu na koti viwe mwilini au karibu na mkono, visiachwe kwenye buti ya gari uwanjani.

Wewe uliye Mwanza au Mombasa usiwe mtu huyo wa kutoa taarifa. Majira ya baridi Ontario iko nyuma yetu kwa saa nane. Akitua saa kumi jioni kwao, kwetu ni saa sita usiku, na pengine umelala au umeme umekatika. Lakini jina na namba ya huyo mtu viwe kwenye simu yako, na namba yako iwe kwake. Na mwanao akichelewa kujibu, mpigie huyo mtu kwanza. Mwanao anaweza kuwa bado uwanjani, simu ikiwa ndani ya begi, yeye akiwa na ufagio mkononi anafunika mabawa kabla usiku haujaingia.